Nyuso Nilizozikata Nyakabanda

Nyamirambo, Kigali
1993

Kwa baba yangu mpenzi, Mzee Ramadhani, fundi cherehani wa Tabora,

Shikamoo Baba. Nakuamkia kwa mikono miwili, na naomba barua hii ikukute umekaa barazani na cherehani yako, goti limetulia na kile kikohozi cha kiangazi kimekuachia. Mimi mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Nakula, nalala, na Mzee Sefu ananitunza vizuri, ingawa hapitishi siku bila kunikumbusha kwamba studio hii ya picha ni yake na mimi ni mgeni wake. Ndivyo alivyo, hana ubaya. Nikimwambia wewe unamsalimu huuliza kama bado unashona kanzu za kukata na shoka au umezeeka kama yeye.

Barua yako ililetwa na yule dereva wa lori anayepitia Isaka. Nimeisoma mara nyingi. Umesema Rehema amepata nafasi ya kwenda kusoma nje shahada ileile niliyosoma mimi, ya filamu na upigaji picha, na kwamba tangu apate habari hizo mdogo wangu hashikiki wala hasemeki. Umesema nafasi hiyo haitamngoja, na kwamba utafanya nitakavyosema mimi, kwa kuwa katika ukoo wetu ni mimi peke yangu niliyewahi kuivaa nguo hiyo. Ukaandika, "Nipimie, mwanangu." Maneno hayo yamenikaa, Baba. Wewe hujawahi kumdanganya mteja kuhusu kiuno chake, basi nami nitakupimia kwa haki. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikujua niseme nini. Sasa najua, na nimelijua kwa uchungu.

Nianze na waliopima kwa mihuri. Nilipofika Kigali nilikuwa na tamaa ya kazi ya ofisi. Palikuwa na nafasi ya kutengeneza filamu za mafunzo ya afya, na nilijua naiweza. Nikaambiwa shahada yangu lazima ipimwe kwanza, nikapanda basi hadi Kacyiru kwenye majengo ya serikali, bahasha nimeikumbatia kifuani. Bwana aliyenipokea alikuwa mpole, suti safi, Kiswahili chake nusu Kifaransa. Aliigeuza shahada mbele na nyuma, akaniuliza nchi iliyonipa iko wapi. Nikamwambia Urusi, ila wakati ule ilikuwa Muungano wa Kisovieti. Akacheka bila kejeli. "Hii nchi imeisha," akasema. "Sasa sisi tutaandikia nani?"

Nami nikacheka, maana sikuwa na njia nyingine ya kutoka mle ndani na heshima yangu. Baada ya wiki nyingi nikajibiwa kwamba shahada yangu hailingani na yoyote ya hapa, lakini naweza kuandikwa kama fundi wa picha. Sikukueleza wakati ule. Nilikuandikia kwamba nimeamua kujitegemea, kwa sababu nilijua unavyoipenda ile picha yangu ya joho uliyoitundika juu ya kabati la vitambaa. Sasa umejua. Lakini kipimo hicho hakikuniuma sana, na wala si hicho ninachotaka kukuandikia.

Kazi yangu kwa Mzee Sefu unaijua. Asubuhi ni picha za vitambulisho. Siku hizi watu wengi wanazihitaji, kwa sababu barabara zimejaa vizuizi na kila askari anataka kuona sura yako kwenye karatasi. Jumamosi na Jumapili ni harusi. Mzee Sefu alipata kamera ya video kwa jamaa yake wa Dubai, na hapo ndipo shahada yangu ilipopata pa kukaa. Wengine mjini hapa wanawasha kamera bwana harusi anapovaa viatu na kuizima wageni wanapoondoka, kisha wanakupa kanda ya saa tatu ambayo hata bibi harusi mwenyewe anasinzia akiitazama. Mimi nilikuwa nakata. Nilikuwa nachukua mashine mbili za video, hii inacheza na ile inarekodi, nabakiza kilicho kitamu tu. Mtaani wakaanza kuniita Profesa, nusu kwa heshima na nusu kwa mzaha. Nilifurahi, sikufichi.

Ndipo akaja Imakulata. Ni mama mwenye duka dogo Nyakabanda, mtu wa watu, kila mara akipita hapa lazima amtanie Mzee Sefu kuhusu nywele zake alizopaka hina. Siku hiyo hakumtania. Mama yake alikuwa amefariki alfajiri. Alinieleza kwamba wao ni watatu. Mkubwa ni Faustin, mwalimu wa shule upande wa Byumba, kaskazini kulikokuwa na vita. Wa pili ni yeye. Wa mwisho ni Aloys, aliyekwenda Ubelgiji kusoma zamani na hawezi kurudi, kwa sababu jina lake huku si zuri kwa wakubwa. Aloys alitaka apelekewe kanda ya mazishi, angalau azike kwa macho. Nilikubali kabla Imakulata hajamaliza kusema. Mimi pia sikuwepo siku mliyomzika mama, Baba, na najua mtu wa mbali anavyojisikia.

Kwetu Waislamu mambo ya mazishi ni ya haraka na hayana kamera. Wao ni Wakatoliki, na nilikuwa sijawahi kukaa msiba wao mwanzo mpaka mwisho. Nilipiga picha kanisani, nikapiga makaburini. Faustin alikuwa hajafika. Tangu jana yake alikuwa njiani, na gari lake lilikuwa likisimamishwa kila kizuizi, abiria wanateremshwa na kusomewa karatasi zao. Walimngoja sana. Mwishowe padri akasema jua halimngoji mtu, wakamzika mama bila mtoto wake wa kwanza.

Tuliporudi nyumbani Nyakabanda, pale mlangoni pa ua palikuwa na beseni, na wasichana wawili wenye majagi. Kila aliyetoka makaburini alisimama, akamwagiwa maji, akanawa mikono, ndipo akaingia kuketi. Wenyewe wanaita gukaraba. Mimi nilidhani wananawa vumbi la makaburini, basi. Foleni ilikuwa ndefu. Jua lilikuwa limeshuka, maji yanang'aa, na nikaona mikono. Mikono ya vikongwe yenye mishipa, mikono ya wakulima, mikono yenye pete, mikono ya watoto inayonawa haraka. Nikaivuta lenzi karibu. Walimu wangu wa Urusi wangenipa maksi zote.

Faustin alifika foleni ikiwa inaisha. Alikuwa na koti jeusi lililoingia matope mikononi, na miguu yake matope mpaka magotini, maana kipande cha mwisho alitembea. Hakusalimiana na mtu. Aliweka mikono yake juu ya beseni, akanawa, na Imakulata akamwangukia begani papo hapo. Kamera yangu iliona yote, uso wake na kilio chao. Muda mfupi baadaye betri ikaisha. Ndani, walipomwomba aseme neno kama mkubwa wa nyumba, alisimama akashindwa, akakaa. Hilo halikuingia kwenye kanda.

Studio nikafanya kazi yangu kama nilivyofundishwa. Somo la kwanza kabisa tulilopewa kule ni kwamba kila kisichoisukuma hadithi mbele kitoe. Foleni ile ndefu nikaitoa yote. Nikabakiza mikono peke yake, mmoja baada ya mwingine, na sauti ya maji. Hakuna uso hata mmoja. Mikono ya Faustin imo, nilihakikisha imo, kwa sababu matope yaliyokuwa kwenye mikono ya koti yalinipendeza. Nilidhani nimempa heshima.

Imakulata aliitazama akalia. Majirani walikuja wakajaa sebuleni, wakalia nao, wakanisifu. Hakuna aliyeona kuna kitu kimepungua, Baba, kwa sababu wote walikuwepo siku ile, na kila mtu alijijazia mwenyewe nyuso kutoka kichwani mwake. Kanda ikapelekwa Ubelgiji na mtawa mmoja aliyekuwa akisafiri. Ile kanda yangu ya kwanza, yenye kila kitu, nikaitumia kurekodia harusi. Kanda tupu hapa ni shida, na ndivyo tunavyofanya siku zote.

Aloys hakuitazama kama walivyoitazama majirani. Aliitazama akisimamisha na kurudisha, anamtafuta kaka yake. Hakumwona kanisani wala kaburini. Akamtafuta nyumbani, akakuta mikono tu. Siku nyingi alikuwa na kinyongo kwamba Faustin alihamia Byumba kwa wakwe zake akamwacha mama mikononi mwa Imakulata. Sasa akapata ushahidi. Akapiga simu akasema Faustin hakuja kumzika mama yao, na kwamba yeye hana kaka tena. Imakulata aliapa kwa jina la marehemu. Aloys akamwambia anamficha.

Siku hiyo Imakulata alikuja studio akaketi kwenye kiti cha wateja, kanga ya kichwa imelegea. Akaniuliza kwa utulivu kabisa:

"Rajabu, Faustin iko wapi kwa kaseti?"

Nikaiweka nakala ya kanda niliyobaki nayo, nikaisogeza hadi pale, nikaisimamisha. Nikamwonyesha mikono ya koti yenye matope. Nilikuwa bado najiamini.

"Hii ni mikono," akasema. "Mikono iko mingi. Aloys atajua aje ni ya nani?" Kisha akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. "Kwetu mtu akinawa kwa mlango ya msiba, anasema, mimi nimekuja, nimezika na nyinyi. Watu wote wanamuona. Asiyenawa ni kama hakukuja. Sasa wewe, Profesa, umekata hapo hapo."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliniuliza kama ile kanda ndefu bado ipo, nikamwambia haipo, akatikisa kichwa akaenda zake. Mzee Sefu alikuwa nyuma ya pazia la chumba cha giza cha kusafishia picha na alisikia yote. Alitoka akaniambia nikapumzike, yeye atamalizia picha za vitambulisho. Unajua Mzee Sefu hapendi kumpumzisha mtu.

Nilimwandikia Aloys mimi mwenyewe. Nilimweleza kwamba mimi ndiye niliyeshika kamera, kwamba nilimwona kaka yake kwa macho yangu, na kwamba mimi ndiye niliyemtoa, kwa sababu za kazi yangu. Alinijibu kwa mistari michache. Alisema dada yake ni mteja wangu na jirani yangu, kwa hiyo nina sababu ya kusema lolote. Kaseti haina ndugu, aliandika, ndiyo maana anaiamini. Niliisoma barua hiyo nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nikisimama kwenye mitihani kule na kueleza kwa madaha kwamba picha inashuhudia kuliko mtu. Nilipata alama nzuri sana kwa jibu hilo.

Baada ya hapo vita vilipamba moto kaskazini, na Faustin akakimbia na mkewe na watoto, wakaja kukaa kwa Imakulata Nyakabanda. Alikuja akiwa mgonjwa. Ini lilikuwa limeharibika, macho ya njano, tumbo limejaa. Hospitali walimpa dawa za kupunguza maumivu wakamwambia apumzike, na sote tulielewa maana yake. Alichokitaka ni kimoja tu, mdogo wake ajue kwamba alikuja. Imakulata alinipa habari hiyo kila tulipokutana, bila lawama, kama mtu anayekueleza bei ya sukari, na kila mara nilikuwa natamani ardhi inimeze.

Basi nikafanya hesabu zangu za kisomi. Nikajiambia, hili linatengenezeka. Beseni lipo, koti lipo, jua la jioni lipo kila siku. Namsimamisha Faustin pale pale mlangoni, ananawa, namchukua uso na mikono, naunganisha na ile kanda, na hakuna mtu duniani atakayejua. Kule tulisomea hasa jambo hilo, namna ya kupiga leo kitu kikaonekana cha jana. Nilikwenda Nyakabanda nikamkuta ameketi nje kwenye mkeka, ameegemea ukuta, shati limefunguliwa vifungo kwa ajili ya tumbo. Nikamweleza mpango wangu wote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama mwalimu anavyomsikiliza mwanafunzi aliyekosea hesabu lakini akajitahidi.

"Utaweza kweli?" akauliza.

Nikamwambia nitaweza, Aloys hatatambua kamwe.

Akaigeuza mikono yake akaitazama. Nilidhani anakubali. Kisha akasema, "Hapana, Rajabu. Mama yangu alikufa mara moja, na mimi nilinawa mara moja. Siwezi kunawa tena kwa ajili ya kamera. Hapo ndiyo itakuwa kweli sikuja."

Aliniomba nimsaidie kuingia ndani kwa sababu jua lilikuwa limemfikia. Nilimshika kwapani, na mtu mrefu kama yule alikuwa mwepesi mpaka nikaogopa. Mlangoni akaniuliza habari za Tabora, akanieleza kwamba alipokuwa kijana alitamani sana kupanda treni ile ya kutoka Kigoma. Nikamwambia akipona nitampeleka. Tulijua sote wawili kwamba nasema uongo, akanishukuru.

Imakulata alimpigia Aloys akamwambia kaka yako anakufa. Aloys akasema atapiga simu mwisho wa wiki. Mwisho wa wiki ukapita. Sijui alikuwa anafikiri nini, Baba, na siwezi kumlaumu, kwa sababu mimi ndiye niliyempa sababu ya kutopiga. Faustin alifariki asubuhi, mkewe akiwa amekwenda kuchota maji. Imakulata aliniambia kwamba mpaka siku ya mwisho kila simu ilipolia dukani kwa jirani aligeuza kichwa.

Siku hiyohiyo simu ya duka la kona, hapa jirani na studio, ikapigwa kutoka Ubelgiji, nikaitwa mimi. Ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti ya Aloys. Kiswahili chake ni kile cha utotoni mwake Nyamirambo, kimeota kutu. Aliniomba nipige kanda ya mazishi ya kaka yake. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Lakini usikate," akasema. "Hata watu wakikaa tu, hata wakikohoa, wewe uache. Nataka kuona wote."

Nikamwambia sitakata. Akasema asante, akakata simu, nami nikabaki nimeshika mkono wa simu mpaka mwenye duka akaniomba nimrudishie.

Nilipiga kila kitu, Baba. Pale mlangoni pa ua niliiweka kamera kwenye stendi yake, mbali kiasi cha kumchukua mtu mzima mzima, uso na mikono na viatu, nikaiacha. Watu walipita mmoja mmoja. Walimu wenzake waliokimbia vita kama yeye, wanafunzi wake, wanawake wa kwaya, yule padri. Mwanafunzi angeleta kanda kama ile kule chuoni angefelishwa. Haina karibu wala mbali, haina mwendo, ni watu wananawa tu. Mara mbili nilinyanyua mkono kuisogeza lenzi, mara mbili nikaurudisha.

Foleni ilipokwisha wasichana wakaanza kukusanya majagi. Nikawaomba wangoje. Nikatoka nyuma ya kamera nikaenda kwenye beseni, wakanimwagia maji, nikanawa. Nilikuwa nalia, na sikujificha, na kamera ilikuwa inakwenda.

Ndani, kwenye hotuba, mama mmoja mtu mzima, jirani yao, alisimama akazungumza kwa muda mrefu sana. Alizunguka huku na huku, akaeleza habari za mbuzi wake, akasahau alichotaka kusema, akarudi. Enzi zangu za kuitwa Profesa, mama huyo ningemtoa wa kwanza. Katikati ya maneno yake alisema kwamba Faustin alikuwa mtoto wa kweli, kwa sababu siku ya kumzika mama yake alifika na matope mpaka magotini, akanawa akiwa wa mwisho, na yeye mwenyewe alimpa kitambaa cha kujifutia. Kisha akaendelea na habari za mbuzi.

Kanda hizo nilizipeleka jinsi zilivyo. Ilipita miezi. Wiki iliyopita Imakulata alikuja akaketi kwenye kiti kilekile. Alisema Aloys amezitazama zote mpaka mwisho, na amemsikia yule mama. Alilia kwenye simu, akasema amekaa mwaka mzima amemkasirikia mtu aliyetembea kwenye matope. Hakuna wa kumwambia pole ya kufaa, kwa sababu wa kupokea hiyo pole tumeshamzika. Aloys alimuuliza dada yake yule kijana aliyenawa baada ya watu wote ni nani. Imakulata akamwambia ni yule wa kamera. Aloys akasema, "Mwambie nimemwona." Sijui kama ni msamaha au ni lawama. Imakulata naye hajui, nilimuuliza.

Sasa nikupimie, Baba. Shahada ile ni ya kweli, si ya bure. Mimi leo naweza kuingia chumba chenye taa moja mbovu nikamtoa mtu picha ambayo mamaye ataitambua. Naweza kumtuliza mteja aliyekakamaa, naweza kusubiri mwanga, naweza kutengeneza kamera iliyoingia mchanga. Vyote hivyo nilifundishwa na watu waliojua kazi yao, na siwavunjii heshima. Kitu ambacho hawakunifundisha ni nani atakayekaa kuitazama hiyo picha, na anamtafuta nani ndani yake. Hawakuweza kunifundisha, kwa sababu wao hawakuwahi kumjua Aloys wala Imakulata. Mimi ndiye niliyepaswa kuuliza pale mlangoni, kabla ya kuvuta lenzi, hawa watu wananawa nini. Swali dogo hivyo, na kwa miaka yote ya masomo hakuna aliyenizoesha kuliuliza, kwa sababu tulizoeshwa kuulizwa sisi, si kuuliza.

Jibu langu ni ndiyo, mwache Rehema aende. Na ana bahati kuliko mimi, maana hapa kwenye harusi za Waislamu upande wa wanawake mimi siruhusiwi kukanyaga na kamera, na ni haki yao, lakini yeye angekaribishwa hata kwenye chumba cha bibi harusi. Ila kabla hajaondoka msomee barua hii yote, na asiione kama hadithi ya kumtisha. Akifika huko asome kwa bidii, achukue kila wanachompa. Akirudi, akae kwanza kwenye misiba ya watu na harusi za watu bila kamera, mpaka ajue kila jambo linafanywa kwa nini. Na wakija kumpima wenye mihuri wakamwambia haifai, asilie sana.

Kuhusu usalama wangu usihangaike mno. Mji una hofu, watu wanafunga maduka mapema, na kuna mitaa siendi. Mzee Sefu anasema tukiona mambo yanazidi tutafunga studio tuje wote Tabora, na kwamba ameshachoka kukusikia ukisifu asali ya huko bila kuionja.

Nisalimie Shangazi Zuhura, na umwambie shuka alilonifumia bado ndilo ninalojifunika. Nisalimie kaka yangu Hamisi wa reli, na mkewe, na yule mtoto wao ambaye sijamwona na ambaye nasikia ana masikio yangu. Mama Mkubwa Asha umwambie namwombea macho yake yapone. Rehema mpe salamu zake peke yake, za mtu aliyemtangulia njia.

Jambo la mwisho, Baba, nalo ni ombi. Mama alipofariki nilikuwa Urusi, na barua yako ilinifikia theluji imeanza. Uliandika kwamba mmemzika Alhamisi na kwamba watu walikuwa wengi. Ni hayo tu uliyoniandikia, na sikukulaumu wakati ule wala sasa, najua ulikuwa huna nguvu. Lakini miaka yote hii nimekaa na hao watu wengi wasio na sura. Naomba uniandikie. Nani alifika wa kwanza? Nani alibeba jeneza mbele na nani nyuma, nani aliingia kaburini kumpokea, nani alipika, nani alichelewa kwa sababu gani? Waandike hata wale waliokaa tu kimya kwenye mkeka, hata wale wasemao sana. Kama Rehema anakumbuka usiyoyakumbuka wewe, mwachie kalamu aendelee yeye. Barua iwe ndefu kadiri itakavyokuwa, Baba. Usinifupishie.

Ni mimi mwanao,
Rajabu